Mtoto Asiyeitika, na Ngazi Ndogo za Sikio la Ndani



Baada ya darsa ya akina mama ya Alhamisi iliyopita hapa Tiwi, mama mmoja kijana alibaki nyuma hata wenzake walipokwisha kuondoka. Alikuwa amempakata mwanawe wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, mtoto mwenye siha, macho maangavu, anayemchekea kila mtu. "Shekhe," akaniambia, "mwanangu haitiki. Nikimwita kwa nyuma hageuki. Mlango ukibamizwa hashtuki." Hayo aliyasema kwa utulivu. Kilichomliza ni maneno ya mavyaa wake, kwamba mtoto aliharibika tumboni kwa kuwa mama yake alipita chini ya mbuyu wakati wa magharibi akiwa na mimba changa; na kwamba ukoo wa mume haujapata kuzaa kiziwi, basi damu mbaya imeletwa na mke. Mume sasa anashauriwa na nduguze atafute mke mwingine.

Nilimjibu kwa ufupi papo hapo. Lakini jibu lenyewe ni refu na linawahusu wengi, na ndiyo maana nimeona niliandike katika safu hii. Safari hii sitaanza na hukumu ya kisharia. Nitaanza na sikio, namna linavyojengwa ndani ya tumbo la mama, kwani mtu akijua kitu kilivyojengwa hujua pia kinaharibikia wapi, na nani wa kulaumiwa ikiwa yupo.

Sikio hili la nje tunalolishika na kulitoboa herini lina kazi ndogo. Linakusanya sauti na kuipeleka kwenye kiwambo, ambacho hutikisika kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo vimo vijifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko huo na kuusukuma ndani ya mfupa mgumu wa kichwa, na humo ndimo lilimo sikio la ndani. Sehemu yake ya kusikia imejizungusha mara mbili na nusu mfano wa konokono, na ukubwa wake haupiti sana punje ya mbaazi. Imejaa maji, na katikati ya maji umetandikwa utando mwembamba tangu mwanzo hata mwisho. Juu ya utando huo ndipo zilipo seli ambazo wataalamu huziita seli za vinywele. Mtaliano Alfonso Corti ndiye aliyezieleza kwa darubini mwaka 1851, na hadi leo kiungo hicho kinaitwa kwa jina lake.

Hesabu yake yatosha kumtia mtu hofu. Katika sikio moja la mwanadamu seli hizi ni kama 15,000 tu. Jicho lina seli za kupokea nuru zaidi ya milioni mia moja. Sikio limepewa elfu kumi na tano. Zimejipanga kwa safu zilizonyooka kama safu za sala. Safu moja upande wa ndani ina seli zipatazo 3,500, nazo ndizo zinazopeleka habari kwenye ubongo. Safu tatu za upande wa nje zina seli zipatazo 12,000, na kazi yake ni kuikuza sauti ndogo hata safu ya ndani iipate. Mwanzo wa konokono hupokea sauti nyembamba, mithili ya mlio wa chiriku au wa filimbi. Kileleni hupokea sauti nene za ngoma na mngurumo wa bahari.

Sasa tuje kwenye ujenzi.

Mimba ikiwa katika wiki ya nne, wakati ambapo akina mama wengi hawajajua bado kuwa ni waja wazito, ngozi ya kichwa cha kiumbe yule hunenepa kidogo pande mbili, mkabala wa sehemu ya nyuma ya ubongo. Mahali hapo hubonyea, likawa shimo, kisha shimo likajifunga likawa kifuko. Kifuko kile ndicho sikio la ndani lote, la kusikia na la kumwezesha mtu asimame bila ya kupepesuka. Upande mmoja wa kifuko huanza kurefuka na kujizungusha, na ifikapo karibu wiki ya tisa au ya kumi konokono amekamilisha mizunguko yake. Hapo ndani yake bado hamna hata seli moja ya kusikia iliyo kamili. Ziko seli changa zinazofanana zote, kila moja ikiweza kuwa hiki au kile.

Jambo linalofuata ni la ajabu, nami nimelisoma mara kadhaa. Baadhi ya seli changa huamsha jeni iitwayo Atoh1, na jeni hiyo ndiyo inayoiamrisha seli kuwa seli ya vinywele. Mwaka 1999 wataalamu walionyesha kwamba panya aliyezaliwa bila ya jeni hiyo hapati hata seli moja ya vinywele katika sikio. Na seli inayotangulia kushika njia hiyo huwakataza jirani zake kwa ishara ya kemikali: mimi nimekwisha kuwa, ninyi muwe wasaidizi. Jirani aliyekatazwa huwa seli ya kushikilia, kama boriti inavyoshikilia dari. Kwa hivyo hakuna seli mbili za vinywele zinazogusana; kati yao siku zote kuna msaidizi. Ukiutazama utando kwa juu chini ya darubini utadhani watazama mkeka wa ukili uliosukwa kwa rangi mbili.

Seli hizo huanza kuonekana kwa mwanadamu karibu na wiki ya kumi na moja au ya kumi na mbili, na ujenzi huenda kuanzia mwanzo wa konokono kuelekea kileleni. Basi imepatikana seli. Bado vinywele.

Vinywele vyenyewe ni vyembamba kupita fikra. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko kimoja cha hivyo kwa mara mia mbili au mia tatu. Mwanzoni uso wa juu wa seli umejaa vinyoya vifupi, vyote vya kimo kimoja, vingi kuliko vinavyohitajika. Katikati yake umesimama unywele mmoja wa namna nyingine, ambao nitauita kiongozi. Kiongozi huyu huondoka katikati akaenda kusimama ukingoni mwa seli, upande ulio nje ya mzunguko wa konokono, na seli zote jirani viongozi wao huelekea upande huo huo mmoja, kama watu walioonyeshwa kibla. Vinyoya vilivyo karibu na kiongozi huanza kurefuka kwanza. Safu ya pili hufuata lakini huachwa nyuma, na ya tatu nyuma zaidi, hata pakafanyika ngazi: safu ndefu, ya kati na fupi. Vinyoya vya ziada humezwa na seli vikatoweka. Katika seli za safu za nje ngazi hiyo hujipinda, na ukiitazama kwa juu utaona umbo ambalo kila mtoto wa madrasa analijua, ile saba ya Kiarabu. Kazi ikikwisha kiongozi naye huondoka katika sehemu ya kusikia, ikabaki ngazi peke yake.

Mmarekani Lewis Tilney na wenzake walitumia miaka mingi katika karne iliyopita kuufuata ujenzi huu ndani ya mayai ya kuku, siku baada ya siku kabla ya kifaranga kuanguliwa. Waligundua kwamba vinywele havikui mfululizo. Hurefuka, kisha husita. Wakati wa kusita hunenepa, kwa kuongezewa nyuzi za protini iitwayo aktini, zinazofungwa pamoja mfano wa fito zinavyofungwa kwa kamba ili zipate kubeba makuti. Wakati huo huo chini yake humea mizizi inayojikita katika sahani ngumu iliyo juu ya seli, ili kinywele kikisukumwa kiiname kwenye shina tu, kisipindike katikati. Kisha hurefuka tena hata kufikia kimo kilichokusudiwa. Kila seli hujua kimo chake kwa mujibu wa mahali ilipo: mwanzo wa konokono vinywele ni vifupi, na kileleni ni virefu.

Mwisho kabisa, ncha ya kila kinywele kifupi hufungwa kwa uzi mmoja na ubavu wa kile kirefu kilicho nyuma yake. Uzi huo ndio siri ya kusikia. Sauti inapoyatikisa maji, vinywele huinama kuelekea upande wa virefu, uzi hukazika, na kilango kilicho mwishoni mwa uzi hufunguka. Chumvi iliyomo katika maji huingia ndani ya seli, na seli ikapeleka habari kwenye mshipa wa fahamu. Ili kilango kifunguke kwa sauti hafifu kabisa yatosha kinywele kisogee kwa kadiri ya upana wa atomu. Mtoto huanza kushtukia sauti kati ya mwezi wa tano na wa saba wa mimba, naye huzaliwa na konokono wa sikio mwenye ukubwa ule ule wa mtu mzima. Sote hapa tuna desturi ya kumwadhinia mtoto anapozaliwa. Sikio linalopokea adhana ile limekuwa likiisikia sauti ya mama yake kwa miezi.

Wako wahubiri ambao kila jambo linaloonekana kwa darubini hulitafutia aya ya kulitangazia. Mimi simo katika hao. Mtoto asiyesikia hasaidiwi na ushindi wetu wa maneno, na mama aliyesingiziwa hasaidiwi nao vilevile. Turudi kwake.

Huko Bali, katika nchi ya Indonesia, kuna kijiji kiitwacho Bengkala. Wachunguzi waliofika huko katika miaka ya 1990 walikuta watu wapatao 2,200, na katika hao 47 walikuwa viziwi tangu kuzaliwa. Watu wa kijiji hicho wameoana wao kwa wao kwa vizazi vingi. Mwaka 1998 sababu ikajulikana: ni jeni moja inayotengeneza protini iitwayo mayosini ya 15. Protini hii ni hamali. Hupanda juu ya nyuzi za aktini ndani ya kinywele ikibeba vifaa vya ujenzi hadi nchani, nako ndiko kinywele kinakorefukia. Panya wenye kasoro katika jeni hiyo walipotazamwa, seli zao zilikuwapo, mishipa ya fahamu ilikuwapo, konokono alikuwa mzima. Vinywele tu vilibaki vifupi. Ngazi haikujengwa, na kwa ajili hiyo tu hawakusikia kitu.

Hapa nawaomba wazazi wasome taratibu. Kila mwanadamu ana nakala mbili za jeni hiyo, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa mbovu, ile nyingine yatosha kufanya kazi, na mtu husikia barabara, tena hajui kabisa kwamba amebeba kasoro. Mtoto huwa kiziwi pale anapopewa nakala mbovu mbili, yaani moja na mama na moja na baba. Wazazi wawili wa namna hiyo, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto asiyesikia. Jeni nyingi zinazoleta uziwi wa kuzaliwa hurithiwa kwa njia hii hii. Kwa hiyo yule asemaye kwamba katika ukoo wetu hakujapata kuzaliwa kiziwi hajathibitisha lolote. Nakala mbovu yaweza kupita kimya vizazi kumi. Na katika uziwi wa namna hii haiwezekani kasoro ikatoka kwa mke peke yake. Ikiwa ni kurithi, mume ametoa nusu yake. Mama mkwe anayesema damu mbaya imeletwa na mke, nusu ya maneno hayo anamsemea mwanawe aliyemzaa mwenyewe.

Ama mbuyu hauna jeni.

Lazima niligusie pia jambo ambalo halipendezi kusemwa pwani yetu. Tunapenda kuoza binamu kwa binamu, mali isitoke na watu wajuane. Ndoa hiyo ni halali, wala sitakuja kuiita haramu kwa sababu ya darubini. Lakini halali si faradhi. Mabinamu wa kwanza hushiriki, kwa wastani, sehemu moja katika nane ya jeni zao, basi nakala mbovu iliyotoka kwa babu yao mmoja ina njia rahisi ya kukutana. Wengi waliooana hivyo wamezaa watoto wazima, nami nawajua na ninyi mnawajua. Shida huja pale jambo hilo linaporudiwa kizazi baada ya kizazi, au pale ambapo tayari amezaliwa mtoto kiziwi na ukoo ukaendelea kupanga posa zile zile bila ya kuuliza. Familia mbili za Tunisia, nchi ya Kiislamu kama ijulikanavyo, ambazo wazazi wake walikuwa jamaa, ndizo zilizokubali kuchunguzwa, na kwa msaada wao mwaka 1994 Wafaransa wakapata mahali pa jeni ya kwanza ya uziwi wa namna hii. Hawakuona aibu kuchunguzwa, na leo dunia nzima yafaidika nao.

Jeni hiyo iliyopatikana kwa Watunisia ndiyo inayoongoza kwa kuleta uziwi huko Ulaya. Ilipotafutwa kwa wasiosikia wa Kenya na Sudani, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004, kasoro zake zilionekana kwa nadra sana. Maana yake ni kwamba uziwi wa kwetu hauwezi kupimwa kwa kipimo cha Ulaya. Ziko jeni nyingine, na zaidi ya jeni yako maradhi.

Katika maradhi, linalogusa ujenzi wenyewe ni rubela. Kwa mtu mzima ni kitu chepesi, homa kidogo na vipele vya siku tatu, naye haitii maanani. Kwa mja mzito katika wiki kumi na mbili za mwanzo ni msiba, kwani huo ndio wakati kifuko kinapokuwa konokono na seli zinapoamua kuwa nini. Mwanamke akiambukizwa katika miezi hiyo, uwezekano wa kirusi kumfikia mtoto wafika hata 90 kwa 100. Mwaustralia Norman Gregg, tabibu wa macho, ndiye aliyeuona uhusiano huo mwaka 1941 kwa watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho, na haukupita muda ikajulikana kwamba wengi wao hawasikii pia. Hapa Kenya chanjo ya surua pamoja na rubela ilianza mwezi wa Mei mwaka 2016, kwa kampeni ya watoto wa miezi tisa hadi miaka kumi na minne. Tangu hapo hutolewa kwa mtoto akiwa wa miezi tisa na tena akiwa wa miezi kumi na minane. Wasichana waliokuwa wamevuka umri huo mwaka 2016 kampeni ile haikuwagusa, na wengi wao sasa ni wake za watu. Anayekusudia kushika mimba na hajui kama ana kinga aulize hospitali kabla, maana chanjo hii haitolewi kwa mja mzito, na baada ya kuchanjwa hungojewa mwezi mmoja. Kumpeleka mwanao akachanjwe ile ya pili, ambayo ndiyo tunayoizembea, ni kumlinda pia mja mzito wa nyumba ya pili.

Yapo maradhi mengine yanayoharibu ngazi iliyokwisha kujengwa, au mshipa unaotoka kwake: homa ya uti wa mgongo, manjano makali ya mtoto mchanga, malaria kali. Hayo yanajulikana na yanahitaji haraka ya hospitali, sitayarefusha.

Dawa zahitaji maneno zaidi. Kuna jamii ya dawa za sindano, kama vile gentamaisini, streptomaisini na kanamaisini, ambazo huingia ndani ya seli ya vinywele kwa kupitia kile kile kilango cha nchani mwa kinywele. Zikishaingia hazitoki upesi, na seli hufa. Wazee wa hapa Pwani waliowahi kutibiwa kifua kikuu kwa streptomaisini watawaeleza habari za kizunguzungu na masikio kulia. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziondoa kanamaisini na kapreomaisini katika dawa linazozipendekeza kwa kifua kikuu sugu, na madhara ya masikio yalikuwa miongoni mwa sababu. Lakini tafadhali nisieleweke vibaya. Gentamaisini huwaokoa watoto wachanga na maradhi ya damu kila siku, katika hospitali zetu na za wengine, na mama akiikataa kwa sababu ya makala haya atakuwa ameuza roho kwa sikio. Akubali, kisha aombe mtoto apimwe masikio baadaye. Ninalolikataza ni sindano za kununua dukani, za kuchomwa na asiye daktari kwa kila homa. Kwinini nayo huyaliza masikio, ila aghalabu hupona mtu akiiacha.

Mtauliza: seli zikifa, hazioti tena? Kwa kuku, ndiyo. Mwaka 1988 makundi mawili ya wataalamu yalionyesha kwamba kuku na kwale walioharibiwa seli za vinywele kwa kelele huzipata upya. Zile seli za kushikilia hugawanyika, na mtoto wake mmoja akawa seli ya vinywele, akaota ngazi yake. Kuku anayechakura uani kwako akiziwika kwa mshindo husikia tena baada ya wiki chache. Mwanadamu hana bahati hiyo. Elfu kumi na tano alizojengewa kabla ya kuzaliwa ndizo atakazozeeka nazo, na inayokufa haina badala. Wataalamu wanaichunguza siri ya kuku kwa bidii, na dawa bado haijapatikana.

Kwa ajili hiyo nashindwa kuelewa harusi zetu za siku hizi. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Kwa desibeli 85 wataalamu wa afya za wafanyakazi huruhusu saa nane kwa siku, na kila zikiongezeka tatu muda hupunguzwa nusu, hata zikifika 100 muda ni dakika kumi na tano tu. Vile vipaza sauti virefu vinavyokodishwa Ukunda, vikapangwa mbele ya jukwaa na watoto wakaketishwa chini yake kuanzia laasiri hata usiku wa manane, hupita hapo bila ya shaka. Vinywele vya watoto wale huanza kuvunjikia kwenye mizizi siku ya furaha ya shangazi yao. Na sisi wa misikitini, kipaza sauti cha ndani katika msikiti wa watu thelathini kinahitaji kupunguzwa.

Nimemaliza sababu, sasa njia. Mtoto asiyeshtuka kwa kishindo akiwa mchanga, asiyegeukia sauti akiwa wa miezi sita, au asiyetamka neno hata moja akitimiza mwaka, asingojwe. Msemo wetu kwamba babake naye alichelewa kusema umewapotezea watoto wengi miaka ambayo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi. Kipimo kinachopendekezwa duniani ni mtoto kupimwa kabla ya mwezi mmoja, kuthibitishwa kabla ya miezi mitatu na kuanza kusaidiwa kabla ya miezi sita; aliyekwisha kuvuka hapo aanze leo. Anzieni kituo cha afya cha Tiwi mpate barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya Msambweni au Hospitali Kuu ya Pwani, Mombasa. Huenda ikawa ni nta au usaha nyuma ya kiwambo, vitu vinavyotibika. Ikithibitika kuwa ni sikio la ndani, viko vituo vya serikali vya kutathmini watoto, vilivyoanzishwa nchini tangu miaka ya 1980, vinavyomwelekeza mzazi kwenye shule. Kwale tunayo Shule ya Viziwi, na Mombasa iko ile ya Ziwani.

Na shuleni mtoto atafundishwa Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo Katiba ya 2010 imeitaja na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Wazazi waingie darasani pamoja naye. Kule Bengkala wanaosikia nao husema kwa mikono, na kiziwi wa huko hakai pembeni harusini wala shambani. Jina la bubu tuliache. Mtoto ana lugha, na asipojibiwa ni sisi tusioijua.

Mume wa mama yule akisoma haya, naye aende Msambweni pamoja na mkewe, kwa sababu daktari atataka kuuliza habari za koo zote mbili. Maswali ya wasomaji wawili juu ya vifaa vya kusikia na upasuaji wa kutia koklea ya bandia, na kama vyajuzu kununuliwa kwa fedha za zaka, nitayajibu juma lijalo, inshaallah.

Wallahu aalam.